Saisi wa Same anayeutafuta ualimu

Basi la kutoka Moshi lilipoingia stendi ya Same, wachuuzi wa maji na karanga walikimbilia madirishani kama kawaida yao. Kijana niliyekuwa nikimsubiri alishuka wa mwisho, na kabla hatujasalimiana tayari alikuwa amezungukwa. Sababu ni kofia iliyoning'inia kwenye begi lake: nyeusi, ngumu, yenye ukingo mfupi mbele na mkanda wa kufungia kidevuni. Dereva mmoja wa bodaboda aliishika, akaigeuzageuza, akauliza kioo chake kimekwenda wapi. Kijana akamweleza taratibu kuwa kofia ile haikutengenezwa kwa pikipiki. Ni ya kupandia farasi.

Kukazuka kicheko, kisha maswali. Farasi yuko wapi? Anakula nini? Anauma? Kijana alijibu moja baada ya jingine bila haraka, huku akimvalisha kofia mtoto wa mama muuza ndizi na kumwonyesha jinsi mkanda unavyopaswa kukaa: vidole viwili vipite kati yake na koo, visizidi. Mtoto akafungua, akafunga mwenyewe, akapima kwa vidole vyake vidogo. Mara ya kwanza alikaza mno, mara ya pili akapatia. Nilikuwa nimekwenda stendi kumpokea saisi, yaani mtunza farasi. Pale pembeni nikamwona mwalimu akiwa kazini.

Kwao ni Kisiwani, chini ya milima ya Upare Kusini, kwenye barabara inayopita kati ya milima hiyo na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Kwa miaka saba sasa ameajiriwa katika shamba moja kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wageni hulipa kutembezwa kwa farasi. Ameomba nisilitaje jina lake wala la shamba, na nimemheshimu. Alikuja likizo akiwa na madaftari mawili, maana anajiandaa kufanya mtihani wa kuwa mkufunzi wa kupanda farasi mwenye cheti kinachotambulika.

Kilichomsukuma ni fomu. Wakala mmoja wa utalii alileta familia ya watu wanne iliyotaka watoto wake wafundishwe kabla ya kwenda porini. Fomu ya bima ilikuwa na nafasi mbili: jina la mkufunzi na namba ya cheti chake. Siku tatu zote aliyefundisha ni yeye. Aliwatandikia farasi, akawapandisha, akakimbia kando yao, na mdogo wao alipoanguka mchangani ni yeye aliyempangusa machozi na kumrudisha juu kabla hofu haijapata mizizi. Jina lililojazwa kwenye fomu lilikuwa la mtu mwingine.

Tangu aliponisimulia kisa hicho sijaacha kukifikiria. Nchi hii ina vijana wanaojua farasi kuliko wengi wenye vyeti vya farasi, na bado tunawaita vibarua wa bandani. Naamini ni kosa linalorekebishika, na vyombo vya kulirekebisha tunavyo.

Lakini nisikidharau cheti, kwa kuwa hata yeye hakidharau. Farasi wa kawaida wa kupandwa ana uzito wa kilo 400 hadi 600. Ukiwa juu yake kichwa chako kiko zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, na chini yako kuna mnyama ambaye tangu enzi za mababu zake silaha yake ya kwanza ni kukimbia. Macho yake yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mahali padogo mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mfuko wa plastiki ukipeperuka kwenye uzio, yeye ameshauona wakati wewe bado unatabasamu kwa ajili ya picha. Mwalimu analinda miili miwili kwa wakati mmoja, na mmoja kati ya hiyo hauwezi kusema umeumia. Mzazi anayemkabidhi mtoto wake ana haki ya kuuliza ni nani aliyempima mtu huyu.

Wiki mbili kabla ya likizo yake nilipanda mlimani nikaomba anifundishe kama angemfundisha mgeni yeyote. Nilidhani tungeanza kwa kupanda. Tukaanza kwa kwato. Aliteremsha mkono wake begani mwa jike la kijivu, ukapita gotini hadi kifundoni, na mguu ukainuka wenyewe kama mlango uliosukumwa. Akanionyesha ile pembetatu laini katikati ya ukwato, mahali ambapo kokoto hujificha, na namna ya kuchokoa kutoka kisiginoni kwenda mbele ili chuma kisimchome mnyama. Nilifanya miguu minne. Wa tatu ulinishinda mara mbili, na yeye alisubiri tu.

Kisha tandiko. Alilishusha mbele kidogo ya mahali pake, akaliteleza nyuma ili manyoya yalale upande mmoja. Akafunga mkanda wa tumbo kwa hatua, tundu moja, akamtembeza jike hatua chache, akaongeza tundu jingine. Alinieleza kuwa farasi wengi hujaza pumzi wanapohisi mkanda; ukikaza mara moja na kupanda, tandiko litazunguka nawe tumboni mwake. Urefu wa vikuku, vile vyuma vya kutilia miguu, aliupima kwa mkono wangu mwenyewe: ncha za vidole kwenye tandiko, kikuku kifike kwapani. Sijawahi kupimwa na fundi cherehani kwa uangalifu ule.

Nilipokuwa juu hakunipa hatamu. Alichukua kamba ndefu iliyofungwa kichwani mwa farasi, akasimama katikati ya uwanja, na jike likaanza kumzunguka. Kamba ilikwenda kichwani, mjeledi mrefu ukaelekea makalioni bila kumgusa, na yeye akawa pembe ya tatu. Akaniambia nifumbe macho nimtajie ni mguu gani wa nyuma unaotua. Kushoto. Hapana. Kulia. Hapana tena. Ilinichukua mizunguko mitano kuhisi nyonga yangu ya kushoto ikishuka na kuelewa kuwa ni jike ndilo lililokuwa likinihamisha, wala si mimi. Tulipoingia kwenye mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, nilirushwarushwa kama gunia juu ya mkokoteni, hadi aliponiambia nitazame bega la nje la farasi: likienda mbele inuka, likirudi keti. Moja, mbili. Moja, mbili. Ghafla ule mtikisiko ukawa mdundo, na nilicheka kwa sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa anachokwenda kupimwa. Katika mfumo anaoufuata yeye, ule wa Chama cha Farasi cha Uingereza, chama kilichoundwa mwaka 1947 na ambacho mitihani yake hutumika hata nje ya nchi hiyo, mtu hupanda hatua kwa hatua kutoka ya kwanza hadi ya tano. Hatua za mwanzo zinamtaka ajue kumshika, kumsafisha, kumlisha na kumtandika farasi, amtambue mgonjwa, ampande katika miendo mitatu. Kisha huja kufundisha: kumweka mwanafunzi kwenye kamba ndefu, kuongoza kundi dogo, kupanga somo na kueleza kwa nini umelipanga hivyo. Anayetaka kuorodheshwa kama mkufunzi lazima pia awe na mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuwalinda watoto. Kijana wangu wa Kisiwani ana karibu yote hayo mikononi. Kinachomkwamisha ni kuyaeleza mbele ya mtahini, tena kwa Kiingereza alichojifunza kwa kuwasikiliza wageni.

Zipo nchi zilizoichukulia kazi hii kama ufundi kamili. Ujerumani, kijana anayetaka kuishi kwa kazi ya farasi huingia uanagenzi wa miaka mitatu, bandani na darasani, kama fundi umeme au mwokaji mikate. Vienna, kwenye ile shule maarufu ya kifalme ya farasi weupe, mwanafunzi huanza kwa kukaa kwenye kamba ndefu bila hatamu wala vikuku, na safari yake mpaka awe mpanda farasi kamili huchukua miaka 8 hadi 12. Wasichana hawakuanza kupokewa huko hadi 2008.

Hilo la wasichana linanirudisha nyumbani, kwa sababu pwani yetu ilikuwa imewafundisha wasichana kupanda wanyama zaidi ya miaka 150 kabla. Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 kwenye jumba la Mtoni, Unguja, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba watoto wa jumba lile, wa kike na wa kiume, walifundishwa kupanda tangu wakiwa na umri wa kama miaka mitano. Walioiva walipewa mnyama wao: wavulana walichagua farasi kwenye mabanda ya baba yao, wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati. Na waliowafundisha ni matowashi, watumwa wa jumba.

Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi. Wale ni miongoni mwa wakufunzi wa farasi wa kwanza tunaowajua kwa maandishi katika nchi hizi. Asubuhi na jioni walishika miguu midogo ya watoto wa Sultani na kuiweka mahali pake, wakawajibika kwa shingo za wana wa mfalme, na ukurasa huo haukuwaachia hata jina moja. Lugha ilibaki na kazi yao. Kiswahili kinajua hatamu na lijamu, kinajua saisi, kinajua kwenda telki, kwenda matiti na kwenda shoti, kila mwendo wa mnyama na jina lake. Mtu wa Same ambaye hajawahi kumgusa farasi atakuambia kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Maneno hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliyasema bandani kila siku hadi yakazoeleka.

Swali lile la pale stendi, farasi yuko wapi, lina jibu lake, nalo linapita hapahapa Same. Adui wa farasi katika nyanda hizi ni wadudu wawili. Mmoja ni mbung'o, anayeeneza nagana. Mwingine ni mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa jicho, usubi, ambaye huuma kati ya jioni na alfajiri na kuingiza virusi vya maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi asiyekuwa na kinga akipatwa na aina kali ya maradhi hayo, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Pundamilia huvibeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda wetu nao mara nyingi hivyo hivyo. Kwa hiyo farasi akilala nje karibu na Mkomazi analala jirani na ghala la ugonjwa wake. Ndiyo maana wafugaji wengi wa farasi wa Kaskazini wamejibanza kwenye miinuko yenye baridi, Machame, magharibi mwa Kilimanjaro, pembezoni mwa Meru, na bado wanachanja kila mwaka na kuwaingiza bandani kabla jua halijazama.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kulikuwa na jeshi lililolipuuza somo hilo. Mwezi Mei, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Kahe yakiwafukuza Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, mengine yakifuata reli, mengine Mto Pangani, milima ya Upare ikiwa kushoto kwao. Kikosi kingine kilikuja kutoka mashariki na kupenya Pengo la Ngulu, kaskazini mwa Same. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wapanda farasi hodari, wamezaliwa nao. Haikuwasaidia. Katika vita ile ya Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu ya farasi, baghala na ng'ombe wa kukokota, wengi zaidi kwa nagana na maradhi ya farasi kuliko kwa risasi. Wanyama walipokwisha, mizigo ilihamia kwenye vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wakafa kwa malaria, kuhara na njaa, na jina la jeshi lao la mizigo limebaki kwenye soko la Kariakoo. Kila ninapopita pale Dar es Salaam nakumbuka kuwa sehemu ya msiba ule ilianza na farasi waliopelekwa mahali pasipowafaa, huku wakubwa wakijua.

Saisi yeyote anayejua kazi yake angewaambia. Kijana wa Kisiwani, nilipomuuliza ni kitu gani cha kwanza angemfundisha mtu anayetaka kuleta farasi Same, hakutaja tandiko wala lijamu. Alisema angemfundisha kutazama saa. Saa kumi na moja jioni farasi wawe ndani, nyavu madirishani, samadi iondolewe mbali, maji yasituame. Huo nao ni ualimu, na mtahini wa Ulaya ambaye hajaishi na usubi hawezi kuupima sawasawa.

Kwa hiyo sioni kwa nini cheti hiki kiwe cha kuagizwa tu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwashi aliyejifunza kwa mjomba wake hupimwa akiwa kazini, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha hupata cheti. Waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari wamepita njia hiyo. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Tengeru, jirani kabisa na mabanda ya farasi ya Arusha, na nyingine Buhuri, Tanga. Chuo Kikuu cha Sokoine kinasomesha madaktari wa mifugo. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na hakuna kikosi cha farasi kisicho na wakufunzi. Waiteni hawa mezani pamoja na wenye mashamba ya utalii, waandike kwa Kiswahili ni nini saisi wa Tanzania anapaswa kujua na ni nini mkufunzi anapaswa kuongeza juu yake. Idadi ya watu watakaohitimu kwa mwaka itakuwa ndogo. Itakuwa ndogo, sawa. Hata marubani ni wachache, na hakuna anayesema wasipewe leseni.

Najua wapo watakaosema farasi ni anasa ya wageni na Same ina shida ya maji. Shida ya maji ni kweli, ukishuka tambarare utawaona punda wakiwa na madumu ubavuni, na wanaowaswaga mara nyingi ni watoto. Lakini mtazame punda huyo vizuri. Vidonda vya mgongoni, kamba iliyokata ngozi, kwato zilizorefuka kama makanda. Anayejua kuweka tandiko kwa farasi anajua kwa nini mzigo wa punda unahitaji pedi nene pande mbili za uti wa mgongo na nafasi tupu katikati. Kijana wetu, siku ya pili ya likizo yake, alichukua gunia kuukuu na majani makavu akashona pedi kama hiyo kwa ajili ya punda wa jirani. Baba mwenye punda alisimama kimya muda mrefu akitazama mizigo ikikaa bila kuyumba, kisha akamwita mwanawe aje ashike sindano.

Jioni ya mwisho nilikuwa nyumbani kwao. Mama yake alikuwa ameleta makande, milima nyuma ya nyumba imeanza kuingia kivuli. Alinifungulia daftari lake la pili. Lilikuwa na safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika usiku baada ya kazi. Matiti alikuwa nayo, aliipata kwa mzee mmoja wa Tanga. Shoti alikuwa nayo tangu utotoni, kila Mswahili anayo. Telki nilimpa mimi, akafurahi kama aliyepewa zawadi. Kwa ule mwendo ulio kati ya matiti na shoti alikuwa ameacha nafasi, na nafasi nyingine ilikuwa mbele ya tendo ambalo wapanda farasi hulifanya mara mia kwa siku: kuketi vizuri, kukaza vidole kwenye hatamu kwa muda wa pumzi moja, kisha kuachia, ili mnyama ajue kuna kitu kinakuja, kona, kusimama, au kubadili mwendo. Aliniuliza tunaliitaje. Sikuwa na neno.

Akaniambia kuwa anapofundisha watoto wa pale shambani, watoto wa wafanyakazi wenzake ambao huwapandisha Jumapili farasi wakiwa wamepumzika, yeye huwaambia hivi tu: mkumbushe. Mtoto hukaza, huachia, na sikio moja la farasi hugeuka nyuma kumsikiliza.

Nilimwomba aliandike. Akavuta taa karibu, akaandika upande wa kulia, kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine: kumkumbusha.